Picha Moja kwa Siku, Kisumu: shajara ya mradi, Februari hadi Machi

Kabla ya kuanza

Utaratibu: kila mshiriki anapiga picha moja ya maisha ya kawaida kila siku kuanzia Februari mosi (shajara hii inafika Machi 31), anaiandikia maneno yasiyozidi arobaini na kuituma kabla ya saa tatu usiku. Wengi wako Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Nyalenda na Manyatta hadi Dunga. Wachache wako Kakamega na Nakuru. Kifaa ni simu. Kamera kubwa hazikukatazwa, ila mada zimepangwa kwa mtu mwenye simu ya kawaida, bando dogo na shughuli zake za siku.

Kazi kubwa ya maandalizi imekuwa orodha ya mada. Mada pana huua mradi wa namna hii. Mwambie mtu apige "Furaha" au "Uzuri", utaletewa machweo, ua, na kiganja cha mtoto ndani ya kiganja cha nyanya yake. Hakuna ubaya kwenye picha hizo, ila hazisemi zilipigwa wapi wala na nani. Mada finyu humlazimu mtu atazame kilicho mbele yake. Zilizopita mchujo kwa siku za mwanzo: kitu kilichofungwa kwa mpira, bei iliyoandikwa kwa mkono, kiti ambacho hakikutengenezwa kiwe kiti, kipimo, mlango kabla ya kufunguliwa, maji ndani ya chombo, kilichotengenezwa mara ya pili, mzigo wa bodaboda, moto wa kwanza wa siku.

Kila mada ilipitishwa kwa swali moja: mtu anayeshinda nyumbani akiuguza mgonjwa anaweza kuipata bila kutoka nje ya ua? Mada inayodai nauli inafutwa. Wanaojiondoa kwenye miradi ya kila siku mara nyingi hujiondoa wiki ya pili au ya tatu, na wanaodhani sababu ni uvivu hawajasoma orodha ya mada waliyopewa. "Daraja", "Mlima" na "Umati" kwa siku tatu mfululizo ni nauli tatu.

Tunayoitegemea zaidi ni "Kipimo". Magharibi ya Kenya imejaa vipimo: gorogoro, debe, fungu la nyanya, kikombe cha njugu, kifuniko cha chupa kinachopimia mafuta ya kupikia. Gorogoro ya mahindi hukaribia kilo mbili, lakini kuna muuzaji anayeisawazisha kwa kiganja na kuna anayeacha kilima juu. Kilima hicho ndicho picha. Asiyekiona atapiga mkebe tu.

Siku ikipita bila picha, inaachwa tupu. Haruhusiwi mtu kuijaza kesho yake, wala kuchota picha ya mwaka jana simuni. Kanuni hii inaonekana kali lakini ndiyo inayowapumzisha watu: anayejua kwamba siku tupu si deni hurudi kesho, anayedhani anadaiwa siku nne hakanyagi tena. Jamie Livingston, Mmarekani anayetajwa sana na wapenzi wa kazi hii, alipiga Polaroid moja kila siku kuanzia Machi 31, 1979 hadi Oktoba 25, 1997, siku aliyofariki. Alipiga moja, nzuri au mbaya, akaiacha ilivyo. Sisi tunaruhusu kupiga nyingi kwa kuwa simu haili filamu, lakini inayotumwa ni moja, na ikishatumwa haibadilishwi.

Februari, wiki ya kwanza: saa

Saa za mwanga zilizoandikwa kwenye miongozo ya Ulaya hazifai hapa, kwa hiyo tumeandika zetu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, kidogo upande wa kusini, na iko magharibi ya mstari ambao saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu yake. Matokeo yake adhuhuri halisi, jua linapofika kileleni, haiko saa sita. Februari inafika karibu saa saba kasoro dakika tano. Jua la Februari huchomoza Kisumu saa moja kasoro dakika nane au tisa asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mwanzoni mwa Novemba huwa limewahi kwa nusu saa hivi: saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, asubuhi na jioni. Mwenzetu wa Nakuru huliona mapema kuliko wa Kisumu kwa dakika tano.

Jambo la pili ni kwamba jua letu hupanda na kushuka wima. Linasafiri nyuzi 15 kwa saa, na kwa kuwa haliteremki kwa mshazari kama kaskazini ya mbali, ile nuru laini ya manjano, jua likiwa chini ya nyuzi 6 juu ya upeo, inadumu dakika 24 tu. Baada ya jua kuzama, una dakika 20 hivi za mwanga wa buluu, halafu giza. Anayepanga kupiga picha "jioni" bila kutaja saa atakuta usiku umeingia akiwa bado anatafuta mahali pa kuegesha baiskeli.

Kwa hiyo ratiba ni hii. Mada za sura na chakula: kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni. Mada za vitu vidogo, maandishi, na mikono: wakati wowote kivulini. Saa tano hadi saa tisa, hakuna sura juani. Jua likiwa utosini macho yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni, na hakuna programu ya kurekebisha inayorudisha kilichokosekana. Mpeleke mtu chini ya kibaraza cha mabati, hatua moja tu ndani ya ukingo wa kivuli, uso ukitazama nje. Vumbi jeupe la barabara litarudisha mwanga usoni kutoka chini, bure.

Omena (dagaa wa ziwani) inahitaji kalenda ya mwezi, si saa peke yake. Huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo siku za mwezi mpevu nyavu za kuanikia pale ufukweni zinaweza kuwa tupu. Mada ya "Kinachokauka" tumeiweka kwenye giza la mwezi. Isisogezwe mbele hadi Aprili, maana ndipo uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Kuhusu picha yenyewe: omena ni fedha tupu, na saa sita mchana kamera inaona bamba jeupe. Piga asubuhi ukiwa umechuchumaa, jua likiwa mbele yako kidogo upande, ushushe mwangaza wa kamera kwa theluthi mbili ya hatua moja (hatua nzima chini ni nusu ya mwanga). Ndipo kila samaki anapata mgongo wake na tumbo lake.

Wiki ya pili: ngozi, turubai, balbu

Wiki hii ndiyo iliyotuletea picha nyingi za kujadili, karibu zote zikiwa na magonjwa matatu.

La kwanza ni uso uliotiwa giza. Kamera ya simu haijui inatazama nini. Inapima jumla ya mwanga na kutaka wastani wa kijivu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya mabati yanayong'aa, ukuta mweupe au anga, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa doa. Dawa: gusa uso kwenye kioo cha simu, shikilia hadi alama ya kufuli ionekane, kisha telezesha kialama cha jua juu taratibu mpaka uone mstari wa shavu. Hatua moja kamili juu ni mwanga mara mbili. Mara nyingi nusu hadi moja inatosha. Anga litaungua liwe jeupe. Liache liungue, hukuja kupiga anga.

Kinyume chake pia kipo na wengi hawakijui. Ndani ya kibanda chenye giza, uso mweusi ukijaza fremu, kamera inadhani kuna giza la kuondolewa na inapandisha mwanga hadi ngozi inakuwa ya kijivu kama majivu. Hapo unashusha, theluthi moja hadi mbili. Ngozi ya kahawia nzito inapendeza ikibaki nzito.

La pili ni turubai la bluu. Masoko ya Kibuye, Jubilee, kila palipo na muuza mboga pana turubai la bluu, na jua likipita ndani yake linapaka kila kitu. Nyanya zinakuwa za zambarau na muuzaji anaonekana mgonjwa. Simu inajaribu kusahihisha yenyewe, inazidisha manjano nje ya turubai, na sasa una rangi mbili zisizoelewana kwenye picha moja. Kurekebisha baadaye ni kazi ngumu kwa sababu ukiondoa bluu kwenye uso unaiharibu barabara iliyo nyuma. Njia tatu zinafaa, kwa mpangilio huu: sogea upige bidhaa zilizo kwenye ukingo unaopata mwanga wa wazi, jaza fremu kwa kilicho chini ya turubai peke yake, pamoja na kitu cheupe unachokijua, kama karatasi ya kufungia au kifuniko cha sufuria, ili baadaye uiambie programu "hiki ni cheupe", au ondoa rangi kabisa uifanye nyeusi na nyeupe. Hii ya tatu isiwe kimbilio la kila siku.

La tatu ni mistari meusi inayokata picha za usiku kwenye vibanda vya chipsi na kinyozi. Si ubovu wa simu. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu nyingi za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, haraka kuliko jicho. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, ikiwa sekunde 1/250 au 1/500, sehemu ya picha inakamatwa balbu imefifia. Fungua hali ya mtaalamu, ile iliyoandikwa Pro kwenye simu nyingi, weka sekunde 1/100 au 1/50, mistari inatoweka. Kinyozi akitulia, 1/50 inatosha. Mkono wake ukitembea na mashine, chukua 1/100 na uongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga.

Kabla ya yote hayo, futa lenzi. Duara la ukungu linalozunguka kila taa kwenye picha za usiku ni mafuta ya vidole. Kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi kinafaa. Upindo wa shati lenye vumbi la barabara haufai, kwa sababu mchanga unakwaruza kioo. Kwanza puliza, halafu futa.

Wiki ya tatu: ruhusa

Tumetoa siku mbili bila mada ili kuandika upya kanuni za ruhusa, kwa kuwa zile za mwanzo zilikuwa za jumla mno.

Salamu hutangulia simu. Simu ikae mfukoni hadi salamu ijibiwe: "Oyawore, mama" asubuhi kwa anayezungumza Dholuo, "Habari ya asubuhi, mama" kwa mwingine, na "mzee" au "baba" kwa mwanamume aliyekuzidi umri. Kijana mwenzako ni "bro" au "ndugu", usimwite "boss" ukitaka akuamini. Sema unachotaka kupiga kwa jina lake: "Naomba kupiga picha ya gorogoro yako, sura haitaonekana." Ombi dogo na mahususi hukubaliwa haraka kuliko "naomba kukupiga picha". Ukimaliza, mwonyeshe. Akisema futa, futa mbele yake, na pia kwenye lile jalada la vilivyofutwa ambalo simu nyingi hukaa nalo siku 30 au zaidi. Kununua fungu la sukuma wiki ni adabu njema sokoni, ila kununua hakugeuki kuwa ruhusa.

Watoto: hakuna picha ya mtoto anayetambulika bila mzazi au mlezi kukubali, hata kama mtoto ndiye aliyesema "nipige picha". Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ya uso ni data. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja mamilioni ya shilingi kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mikono, viatu, migongo na vivuli vya watoto vinasema mengi bila kumtaja yeyote.

Kibanda cha M-Pesa kina mtego wake. Mada ya "Bei iliyoandikwa kwa mkono" huwapeleka watu kwenye mbao za matangazo, na pembeni kuna namba ya simu, namba ya wakala, au daftari lililo wazi lenye majina, namba za simu na vitambulisho vya wateja. Daftari halipigwi, hata kama ni ukingo wake tu: picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ikikuzwa inasomeka. Namba za pikipiki nazo hukatwa au hufichwa. Bandarini, uwanja wa ndege, vituo vya polisi na mageti yenye walinzi hayaingii kwenye mradi.

Mwisho, zima eneo. Kamera nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, na mtu anayepiga jiko lake kila asubuhi amechora ramani ya kwenda kwake. Zima kwenye mipangilio ya kamera.

Wiki ya nne: maneno

Maneno ndiyo yamewashinda wengi, na si kwa sababu hawajui kuandika. Wanaandika kile picha imeshasema. Picha ni ya mizani, chini yake "Mizani ya muuza samaki sokoni." Msomaji ana macho.

Kipimo tunachotumia: funika picha, soma maneno. Kama unaweza kuichora picha kwa maneno yale, maneno yanarudia na yafutwe. Kisha funika maneno, tazama picha. Usipobaki na swali lolote, huenda picha haikuhitaji maneno, na hilo pia linakubalika: tarehe na mada zinatosha.

Kinachofaa kuandikwa ni kile kamera haikiwezi: bei, harufu, sauti, saa, kilichotokea kabla, mazoea ya watu. Mifano iliyopita wiki hii, yenye maneno machache:

Mizani ileile: "Mnunuzi wa mara ya kwanza hutazama samaki. Mnunuzi wa kila wiki hutazama mshale kabla samaki hajawekwa."

Mitungi ya lita ishirini kwenye bomba: "Mitungi imepanga foleni, wenyewe wako kivulini. Kila mmoja anaujua wake kwa kizibo: huu nailoni, ule gunzi la mahindi."

Godoro juu ya bodaboda: "Kuhama nyumba. Godoro hutangulia, jiko hufuata, mwenyewe huja mwisho na ufunguo."

Angalia kwamba hakuna hata mmoja unaosema maisha ni safari. Tumekubaliana kuwa methali haziruhusiwi kwenye maneno ya picha isipokuwa mtu aliyepigwa ndiye aliyeitamka. Methali ikibandikwa chini ya picha ya mzee mwenye fimbo inamfanya bango. Na maneno yanayomhurumia mtu aliyepigwa yanafutwa pia: anayechoma mahindi Kondele yuko kazini.

Anayekwama aanze na kitenzi. "Anasubiri maji yachemke mara ya pili" inafungua mlango kuliko "Chai ya asubuhi".

Machi, mwanzo: mwendo

"Mzigo wa bodaboda" imerudi, safari hii ikiwa na sharti: pikipiki ionekane kali, kingo zake wazi, mandhari yavurugike kwa mwendo. Hii ndiyo mada ngumu kuliko zote na karibu kila aliyeijaribu mchana imemshinda, kwa sababu za hesabu tupu.

Ili nyuma pavurugike na pikipiki ibaki kali, unahitaji shata ya sekunde 1/30 hivi huku ukiizungusha simu kuifuata pikipiki. Lakini tundu la lenzi ya simu halibadiliki, mara nyingi ni f/1.8, lililo wazi sana. Kwenye jua la mchana, hata ISO ikiwa 50, mwanga sahihi ni sekunde 1/4000. Ukilazimisha 1/30 unaingiza mwanga zaidi ya mara mia, na picha inakuwa karatasi nyeupe. Kuweka miwani ya jua mbele ya lenzi kunapunguza mwanga mara nne hadi nane tu. Haitoshi.

Suluhisho ni kusubiri. Dakika kumi hivi baada ya jua kuzama, mwanga unashuka hadi ISO 50 na 1/30 au 1/40 zinakubaliana. Simama mahali pikipiki hupita kwa mwendo wa kadiri, muda mfupi baada ya tuta, mita tano au sita kutoka barabarani, ukiwa nyuma ya mtaro, kamwe usiwe juu ya lami. Nyuma pawe na vibanda, mabango au taa. Ukuta mtupu haufanyi mistari. Bana viwiko kifuani, geuka kutoka kiunoni. Anza kuifuata pikipiki ikiwa bado mbali, bonyeza ikifika mbele yako, na endelea kugeuka baada ya kubonyeza. Wengi husimamisha mkono pale pale wanapobonyeza, na hapo ndipo picha inapoharibika. Zima HDR: simu huunganisha fremu kadhaa kuwa moja, na gurudumu linalosonga hupata kingo mbili.

Kwa mwendo wa kawaida: mtu aliyesimama akiongea, 1/60, watoto wakicheza, 1/250, pikipiki igandishwe, 1/500 kwenda juu. Usitumie zumu ya vidole. Kwenye kihisi cha kamera cha megapikseli 12, zumu ya mara mbili inayokata katikati ya picha hukuachia megapikseli 3. Tembea.

Machi, katikati: mvua

Masika yanaingia, na Kisumu mawingu hujijenga mchana pepo za ziwani zikivuma, radi zikaanza alasiri au jioni. Mada za nje zimehamishiwa asubuhi.

Kioo cha simu kikilowa hakisikii kidole au kinasikia vidole ambavyo havipo. Tumia kitufe cha sauti kupiga. Mfuko mwangavu wa kuvaa shingoni unafaa, ila lenzi iguse plastiki, la sivyo utapiga plastiki yenyewe. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kupasua mfuko wa dukani umeisha.) Ukitoka kwenye baridi ya mvua ukaingia jikoni penye mvuke, lenzi inapata ukungu. Usifute kila mara, iache dakika mbili tatu ipate joto.

Mwenzetu wa Kakamega, ambako mvua hazina haraka ya kukoma, ametuma picha bora ya mada ya "Kinachovuja": sufuria tatu za ukubwa tofauti sakafuni. Maneno yake: "Ndogo hulia juu, kubwa hulia chini."

Machi 20: kivuli

Siku ya mlingano wa usiku na mchana jua hupita juu ya ikweta, na Kisumu linakosa utosi kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Mada ni "Kivuli kilichopotea". Saa: saa saba kasoro dakika kumi na mbili mchana, Kisumu na Dunga, Nakuru watangulie kwa dakika tano. Chupa wima, mlingoti, mtungi, mtu aliyesimama: kivuli kinajikunja chini ya kitu. Dirisha ni finyu, lakini si la sekunde. Fimbo ya mita moja huwa na kivuli cha sentimita nne hivi ukikosea kwa dakika kumi.

Piga kutoka juu ukiweza, kwenye ngazi au roshani, ili duara la kivuli lionekane likizunguka miguu. Chagua ardhi ya rangi moja, saruji au vumbi lililofagiwa. Shusha mwangaza kwa hatua moja. Na usiache simu juani ikisubiri: ikipata joto hufifisha kioo, kisha hufunga kamera, na dakika zako zinaishia kuipepea.

Wingu lilifunika Nyalenda wakati ule. Waliokuwa chini yake wamewasilisha siku tupu, kama kanuni inavyosema.

Mwisho wa Machi: faili na chapa

Picha zilizopokelewa ziko za aina mbili, na tofauti haikuonekana hadi tulipoanza kupanga chapa, yaani picha za kutolewa kwenye karatasi. Zilizotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zimepunguzwa hadi karibu pikseli 1600 upande mrefu. Zilizotumwa kama hati zimebaki na 4000 kwa 3000. Chapa ya sentimita 10 kwa 15 inataka takriban 1800 kwa 1200, kwa hiyo zilizopunguzwa bado zinapita, kwa taabu kidogo. Chapa ya A4 inataka 3508 kwa 2480, na hapo hazifai. Kuanzia Aprili zote zitumwe kama hati. Bando linaongezeka, megabaiti tatu hadi tano kwa picha, na mwaka mzima wa mshiriki mmoja kwa megabaiti nne ni kama gigabaiti moja na nusu. Kadi ndogo inatosha.

Jina la faili: mwaka, mwezi, siku, mada, kwa mpangilio huo na tarakimu mbili kwa mwezi na siku, mfano 03-14-kipimo baada ya mwaka. Hivyo zinajipanga zenyewe. Siku ikitangulia mwezi, tarehe mosi za miezi yote hukaa pamoja na hakuna anayepata kitu. Nakala mbili, sehemu mbili: moja kwenye kadi isiyokaa ndani ya simu, nyingine mtandaoni.

Karatasi ni ya mati. Inayong'aa ilijaribiwa chini ya taa za kibanda na kila picha ilirudisha balbu badala ya sura. Kwa picha nyeusi za jikoni, ongeza mwangaza kidogo kabla ya kuchapisha, maana kioo cha simu kinawaka chenyewe na karatasi haiwaki. Zitatundikwa kwa kamba ya katani na vibanio vya nguo ukutani kwa kinyozi aliyekubali, mbali na dirisha ili unyevu usizikunje, maneno yakiwa chini ya kila picha kwa mwandiko wa aliyeipiga. Kila aliyepigwa sura atapewa chapa yake kwanza, kabla haijatundikwa.

Mada za Aprili, wiki ya kwanza: viatu mlangoni, mwavuli uliotengenezwa, kilichoota bila kupandwa, nguo zilizoingizwa ndani kabla hazijakauka, taa wakati umeme umepotea, tope, aliyejikinga mvua pamoja nawe, kwa ruhusa yake.